Deskitopu tupu, ya mafungu, au deskitopu kadhaa: ipi ikufae?

"Dada, ile CV yangu ya mwezi wa tatu bado ipo?"

Swali hilo niliulizwa karibu kila siku kwa miaka sita niliyokaa kaunta ya steshenari jirani na chuo. Mteja amesimama, nyuma yake foleni, usaili wake ni saa nne na sasa hivi ni saa tatu kasorobo. Mimi nimekodolea skrini yenye aikoni zaidi ya mia mbili, nyingine zimelaliana, na humo ndani kuna CV, CV2, CV mpya, CV mpya kabisa na CV ya yule kaka. Mara nyingi niliipata. Mara nyingine niliichapa upya kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, mteja akinisomea huku anatazama saa.

Siku hizi nahariri miswada nyumbani, kwenye laptopu yangu mwenyewe, na deskitopu yangu haifanani hata kidogo na ile ya kaunta. Hapo katikati nimepitia mitindo mitatu ya kuipanga, kila mmoja kwa miezi ya kutosha kuujua uzuri na ubaya wake. Nailinganisha hapa kwa sababu ushauri mwingi wa mambo haya humchukulia kila mtu kana kwamba ana kompyuta mpya, ya peke yake, umeme usiokatika na mafaili yenye majina ya maana. Wengi wetu hatuko hivyo.

Nikisema deskitopu nakusudia ule uso wa kwanza unaouona kompyuta ikishawaka, wenye picha na aikoni. Wafasiri wa programu wameuita eneokazi, na ni jina zuri, kwani linasema wazi kwamba pale ni mahali pa kufanyia kazi. Stoo ni kwingine.

Uso huo unafanya kazi gani hasa

Wazo la kuifanya skrini ifanane na meza ya ofisi lilikuzwa katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, California. Mwaka 1981 Xerox ilitoa sokoni mashine iitwayo Star, na kwenye skrini yake palikuwa na picha ndogo za karatasi, folda, droo za mafaili, hata kikapu cha barua zinazoingia na cha zinazotoka. Macintosh ya 1984 ikalieneza wazo hilo, kisha Windows 95 ikalifikisha karibu kila ofisi.

Meza ya kweli ina siri moja ambayo wapangaji wengi wa kompyuta huisahau. Mwaka 1983 mtafiti Thomas Malone aliangalia jinsi watu wa maofisini wanavyopanga meza zao. Aliona mafaili, yaani karatasi zenye jina na mahali pake, na aliona marundo, karatasi zilizowekwa tu moja juu ya nyingine bila jina lolote. Marundo hayakutokana na uvivu pekee. Karatasi iliyoachwa mezani ilikuwa ikimkumbusha mwenyewe kwamba kuna jambo halijaisha. Mwaka 1995 Deborah Barreau na Bonnie Nardi wakakuta hali hiyo hiyo kwa watumiaji wa kompyuta: watu walipenda kulifuata faili mahali walipokumbuka wameliacha kuliko kulitafuta kwa jina, na faili lililoachwa pa kuonekana lilikuwa ukumbusho.

Kwa hiyo deskitopu ina kazi mbili, kukusaidia kupata na kukusaidia kukumbuka. Mitindo yote mitatu inatofautiana hapo. Ukiujua upande unaokuuma zaidi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Deskitopu tupu

Huu ndio unaosifiwa sana. Hakuna aikoni hata moja, au limebaki pipa la taka peke yake. Mafaili yote yako kwenye Documents, ndani ya folda zenye majina, na ukitaka kitu unabonyeza kitufe cha Windows na kuanza kuandika jina lake. Wanaotumia Fedora na mifumo mingine ya Linux inayotumia GNOME, yaani programu inayochora uso wa skrini, wanaujua vizuri mtindo huu, kwa sababu GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011 ilikuja bila aikoni kwenye uso wake wa kwanza.

Utulivu wake ni wa kweli. Nikiwasha laptopu asubuhi na kukuta picha ya bahari tu, sianzi siku kwa kulaumiwa na mafaili ya juzi. Kwa mtu anayeandika, kuchora au kusoma kitu kimoja kwa saa nyingi, sijaona mtindo unaoushinda. Mwalimu au mtoa mada anayeunganisha projekta naye ananufaika: darasa zima haliwi na sababu ya kusoma majina ya mafaili yake, yakiwemo ya matokeo ya wanafunzi.

Tahadhari moja. Kwenye Windows unaweza kubofya kulia mahali patupu, ukachagua View, ukaondoa tiki kwenye Show desktop icons, na papo hapo uso ukawa mweupe. Hujapanga kitu. Umefunika kitanda kilichotandikwa vibaya kwa shuka zuri. Mafaili yote yapo pale pale, na utayakuta ukifungua folda ya Desktop.

Udhaifu mkubwa wa mtindo huu sijauona ukielezwa ipasavyo. Unategemea utafutaji, na utafutaji unategemea majina. Sasa angalia mafaili ya kwetu yanatoka wapi. Picha ya cheti imetumwa kwa WhatsApp, inaingia na jina "WhatsApp Image" likifuatwa na tarehe na saa. Barua imetoka kwenye simu ya mtu, inaitwa DOC na msururu wa tarakimu. Kitambulisho kimeskaniwa dukani, kinaitwa Scan0007. Hilo la skani lina tatizo la ziada: likiwa ni picha ya karatasi tu, bila programu iliyoyatambua maandishi yake, hata ukitafuta jina lililoandikwa ndani kompyuta hailioni. Inachokiona ni picha. Mtu wa namna hii ukimwambia "usipange, tafuta tu", umempeleka gizani bila tochi.

Basi deskitopu tupu ina bei yake, na bei ni kulipatia faili jina siku hiyo hiyo linapoingia. Mimi huanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mwenye faili, kisha ni nini: 2025-03-14_Mswada-wa-pili_sura-ya-tatu. Tarehe ikianza na mwaka, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Ukiona huwezi kufanya hivyo kwa wiki mbili mfululizo, mtindo huu usiuchukue. Utakuwa umehamisha vurugu kutoka pa kuonekana kwenda pa kujificha, na vurugu iliyojificha ni mbaya zaidi, kwani hata ule ukumbusho wa rundo umeupoteza.

Deskitopu ya mafungu

Hapa uso haubaki mtupu. Unagawanywa kama meza ya muuza nyanya sokoni: fungu hili, fungu lile, na kila linaloonekana lina sababu ya kuwa pale. Kwenye Windows kuna programu ya kulipia, Fences ya Stardock, inayochora visanduku na kuzishika aikoni ndani yake. Mac nayo, tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, ina Stacks zinazokusanya mafaili yenyewe kwa aina, tarehe au lebo.

Lakini huhitaji kununua kitu. Fungua PowerPoint, tengeneza slaidi moja yenye rangi tulivu, chora visanduku vitatu, andika juu yake LEO, NASUBIRI, YAONDOKE. Hifadhi slaidi kama picha na uiweke iwe picha ya nyuma ya deskitopu. Kisha buruta aikoni, kila moja kwenye kisanduku chake. Zima Auto arrange icons, la sivyo Windows itazirudisha zote kushoto kwenye mstari. Ni kazi ya robo saa, na ndiyo iliyoniokoa kaunta.

Namna ilivyofanya kazi ni hivi. Kila kilichopokelewa asubuhi kilikwenda LEO. Mteja aliyesema "nakuja jioni na hela" kazi yake ilikwenda NASUBIRI. Iliyolipiwa ikaenda YAONDOKE. Mwenzangu wa zamu ya mchana hakuhitaji kuniuliza kitu, aliitazama skrini tu akajua. Hapo ndipo mtindo huu unapoupita ule wa kwanza kwa mbali: kompyuta inayotumiwa na watu wawili au watatu haiwezi kupangwa kichwani mwa mtu mmoja. Mpango lazima uonekane.

Kisanduku cha YAONDOKE kinastahili maneno zaidi. Kaunta ya steshenari inapitiwa na vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za hospitali, fomu za mikopo ya wanafunzi. Nilipoanza kazi, yote hayo yalibaki kwenye deskitopu kwa miezi, na mteja yeyote aliyeegemea kaunta aliweza kuyasoma majina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Hata pasingekuwa na sheria, nakala ya kitambulisho cha mtu ni mali yake. Fungu la YAONDOKE lilifutwa kila jioni kabla ya kufunga duka, na pipa la taka nalo likamwagwa. Anayetaka CV yake itunzwe alisema mwenyewe, ikaingia kwenye folda ya mwezi ikiwa na jina lake. Yule wa saa tatu kasorobo angeipata ndani ya sekunde kumi.

Ubaya wake? Mafungu hunenepa. Usipoyapunguza kila siku, baada ya wiki tatu visanduku vimejaa na aikoni zimemwagikia nje, umerudi ulikotoka. Pia ukiunganisha projekta au skrini yenye ukubwa tofauti, aikoni huweza kuhama zote, na kuzirudisha moja moja kunachosha. Kwa mtu anayehitaji utulivu wa kuandika, mafungu ni kelele. Neno LEO likikutazama kila unapopunguza dirisha, akili inakimbilia huko.

Deskitopu kadhaa ndani ya kompyuta moja

Wengine hawajui kabisa kama uwezo huu wanao. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, ukibonyeza Windows, Ctrl na D kwa pamoja, unapata deskitopu mpya, tupu, pembeni ya ile ya kwanza. Windows, Ctrl na mshale wa kulia au kushoto inakuhamisha. Mac walikuwa nao uwezo huo tangu 2007, na watumiaji wa Linux kabla ya hapo.

Faida yake ni kutenganisha kazi. Deskitopu ya kwanza ina mswada na kamusi. Ya pili ina barua pepe na WhatsApp. Ya tatu ina hesabu za mwezi. Ukiwa kwenye mswada, WhatsApp haipo machoni, na kwenda kuitazama ni hatua unayoichagua, siyo kishawishi kilicho pembeni ya jicho. Kwangu mimi hiyo ndiyo nguvu yake yote. Ukumbuke tu kuzima na vijisanduku vya taarifa vinavyochomoza kwenye kona, kwani hivyo hukufuata popote ulipo.

Watu wengi hukata tamaa nao kwa kuwa waliutarajia ufanye jambo usiloweza. Kwenye Windows, aikoni ni zile zile katika deskitopu zote. Kinachotenganishwa ni madirisha yaliyofunguliwa, siyo mafaili. Mwenye aikoni mia mbili akiunda deskitopu tatu, atazikuta zile mia mbili mara tatu. Kwa hiyo huu si mbadala wa mitindo miwili ya kwanza. Ni nyongeza, na lazima kwanza uchague mmoja kati ya ile.

Halafu kuna umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, umeme ukikatika na kurudi, deskitopu zako zitabaki na majina yake, lakini madirisha uliyoyapanga kwa uangalifu yatakuwa yamefungwa. Utaanza upya. Ikitokea mara mbili kwa siku, utauacha mtindo huu na hutakosea. Kadhalika kumbukumbu: deskitopu zenyewe hazili sana, ila zinakushawishi uache kila kitu wazi. Kwenye mashine ya RAM ya GB 4, kivinjari chenye kurasa ishirini kwenye deskitopu ya pili kitaifanya Word ya kwenye deskitopu ya kwanza iburute miguu, nawe hutaelewa kwa nini.

Siku fundi anapopiga Windows

Kipimo hiki nakiweka peke yake, maana hapa hasara huwa haina marekebisho. Kompyuta ya kaunta iliwahi kugoma kuwaka. Fundi aliyeitwa akapiga Windows upya bila kuuliza, nasi hatukumwambia kitu. Folda za kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski, zilisalia. Kila kilichokuwa kwenye deskitopu kiliondoka, pamoja na tasnifu ya mwanafunzi aliyekuwa ametuachia flashi tupu akisubiri tumwekee. Sijausahau uso wake.

Sababu ni rahisi. Deskitopu inaonekana kama iko juu ya kila kitu, ilhali ni folda ya kawaida ndani ya diski C, kwenye jina lako la mtumiaji. C ikifutwa, nayo imefutwa. Documents pia kwa kawaida iko huko huko, kwa hiyo mwenye deskitopu tupu asijione salama kwa sababu tu haoni aikoni. Hapa mitindo yote imesimama mstari mmoja, na mwenye mafungu ndiye aliye karibu zaidi na shimo, kwa vile kazi zake zilizo hai ziko pale.

Kinga zipo mbili. Ya kwanza, kama diski yako imegawanywa: fungua File Explorer, bofya kulia folda ya Desktop, chagua Properties, kisha Location, kisha Move, uihamishie D. Utaendelea kuiona kama kawaida ila mafaili yatakuwa yanakaa kwingine, na C ikifutwa peke yake yatabaki. Diski yenyewe ikifa, yamekwenda. Kwa hiyo kinga ya pili ni nakala nje ya kompyuta. OneDrive inaweza kuinakili deskitopu yenyewe, GB 5 bila malipo, lakini hula bando. Mwenye bando la kubana anunue flashi ya pili, awe na siku moja ya wiki ya kunakili. Mimi siku yangu ni Ijumaa.

Nani achukue upi

Kompyuta ya watu wengi, iwe kaunta, ofisi ya shule, dawati la mapokezi au ofisi ya kijiji: mafungu, bila shaka yoyote. Visanduku visizidi vinne na mtu mmoja awe na jukumu la kuvimwaga jioni. Deskitopu kadhaa msizianzishe hapo. Mwenzako ataacha kazi kwenye ya tatu, nawe utadhani imepotea.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi, mfasiri, au yeyote anayekaa na jambo moja kwa miezi, achukue tupu, na aache folda moja tu pale katikati, yenye jina la kazi hiyo. Folda hiyo moja inarudisha kile ambacho utupu kamili unakunyima, yaani ukumbusho. Ndivyo nilivyo sasa, na sioni nikibadilisha.

Mhasibu au mratibu wa miradi anayeruka kutoka jambo hadi jambo mchana kutwa, mwenye RAM ya GB 8 au zaidi na laptopu yenye betri inayoshika: tupu, pamoja na deskitopu mbili za ziada. Tatu jumla. Zikizidi hapo, unaanza kuzunguka kutafuta dirisha uliloliacha wapi.

Kuna mtu mmoja ambaye sitamwambia abadilishe lolote. Ni yule ambaye deskitopu yake inatisha kwa kutazama, lakini ukimwomba faili anaweka kidole juu yake bila kusita. Huyo anakumbuka kwa mahali. Ukimpangia, umempora ramani yake. Mwekee nakala ya akiba tu, kisha mwache.

Kwa wengine, uhamaji wenyewe usiufanye kwa kupanga faili moja moja, kwani ndipo wengi huishia njiani na kuacha nusu hivi nusu vile. Unda folda moja, iite ZAMANI na tarehe ya leo. Bonyeza Ctrl na A kuchagua kila kilicho kwenye deskitopu, ondoa tiki kwenye folda hiyo na kwenye pipa la taka kwa kuvibofya huku umeshika Ctrl, kisha vitupie vyote ndani bila kuvisoma. Uso umekuwa mweupe kwa dakika mbili. Kuanzia hapo, unapohitaji kitu kifuate ndani ya ZAMANI, kipe jina, kitoe, ukiweke mahali pake papya kwa mtindo uliouchagua. Baada ya miezi mitatu, kilichobaki ndani hamishia kwenye flashi, bandika karatasi yenye tarehe, uiweke kwenye droo.